Watu wa Gesi

Siku watu wa huduma ya dharura ya wagonjwa wa akili walipoahidi kuja saa nne asubuhi, Enid Hargreave aliamka saa kumi na moja akaanza kusugua nyumba. Kizingiti cha mlango alikisugua mpaka kikang'aa, maana katika mitaa ile ya Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, nyumba zilivyoshikana ukuta kwa ukuta, mwanamke hupimwa kwa kizingiti chake. Akabandua madirishani zile karatasi za kung'aa za kufungia chakula alizozibandika mwanawe. Akashika kisu akakwangua ukutani maneno MAJI YANA SUMU, na pale yalipogoma kutoka akatundika picha ya harusi yake na marehemu Walter. Mwisho akatoa chupa kumi na saba za maji ya mvua zilizokuwa zimepangwa chini ya kitanda cha mwanawe, akazimwaga zote kwenye mtaro wa nyuma.

Hebu niambie, nani anamwita fundi wa paa, kisha anapanda mwenyewe kuliziba tundu kwa gazeti ili fundi asilione?

Mwanawe, Gareth, alikuwa na miaka thelathini na mitatu, fundi baiskeli, mtoto wake wa pekee. Siku sita hakuwa ametia chakula kinywani. Maji ya bomba alisema yametiwa sumu, kwa hiyo alikunywa ya mvua tu. Na Lancashire hiyo hiyo isiyokauka, mvua nayo ilikuwa imenuna tangu Jumatatu, akawa anayapima kwa kijiko yasije yakaisha. Enid alijua mtoto anakufa. Alilijua hilo vizuri kabisa. Ila alikumbuka pia siku alipochukuliwa kaka yake Ronnie kupelekwa hospitali ya vichaa, yeye akiwa na miaka tisa: gari mlangoni, mtaa mzima vizingitini, na mama yao akawaambia watu Ronnie amehamia Kanada. Mpaka mama anaingia kaburini, walikuwa bado wanamuuliza kama Ronnie hajambo huko Kanada.

Ndiyo maana alipopiga simu alijifungia bafuni, akanong'ona.

"Njooni, tafadhali. Lakini hivyo vitambulisho vya shingoni mvivue. Jirani akiuliza, ninyi ni watu wa gesi."

Walikuja wawili: Sunita, muuguzi mwembamba mwenye daftari, na Desmond, pandikizi la mtu aliyeinama kupita mlangoni. Hawajaingia vizuri, Thelma wa nyumba ya pili katoa kichwa nje.

"Enid! Hao kina nani?"

"Watu wa gesi."

"Gesi inavuja nisiambiwe? Bomba lako na langu si moja, shoga!"

"Ni jiko langu tu, Thelma."

Desmond akakohoa, akatazama viatu vyake.

Gareth alikuwa sebuleni, amenyolewa ndevu, kavishwa sweta ya baba yake. Mama mtu alimnyoa mwenyewe, akimwambia, "Fanya hivi kwa ajili yangu, baba. Usiseme mengi." Na kweli hakusema mengi.

"Unalala, Gareth?" Sunita aliuliza.

Gareth akamtazama mama yake kwanza. "Tunalala vizuri. Sote."

"Unakula?"

"Mama ni mpishi hodari."

"Kuna kitu kinakutia hofu hapa nyumbani?"

"Hapana. Mama hana tatizo lolote."

Sunita akamgeukia Enid. "Kwenye simu ulisema hajala siku sita."

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, kazi yake kupita tu. Lakini Enid aliiona sebule yake inavyong'aa, akamwona muuguzi anavyoisifu kwa macho, na ulimi ukamgeuka.

"Nilikuwa nimechoka. Nilitia chumvi kidogo."

Chai ilikuwa mezani. Enid alishamaliza yake. Kikombe cha Gareth kilikuwa kimejaa, kinapoa. Sunita alipoinama kuandika, na Desmond alipoinua macho kwenye picha ya harusi, Enid akavibadilisha vikombe. Haraka, bila kutoa mlio. Gareth alimwona.

"Na chai kaimaliza. Safi," alisema Desmond.

Wakaacha kadi yenye namba. Wakasema watamwandikia daktari wake barua, huenda akamwona baada ya wiki tatu. Enid akawasindikiza akiwashukuru kwa kulitengeneza jiko, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Loo, mwanamke yule!

Aliporudi, Gareth alikuwa amepiga magoti, anachungulia chini ya kitanda.

"Mama, maji yangu yako wapi?"

"Nimeyamwaga."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliinuka polepole, akachukua simu zote mbili, yake na ya mama yake, akazizamisha kwenye sinki. "Wasikupigie tena," alisema. Kisha akaenda kukaa ngazini. Enid alimletea maji, akamletea maziwa, akamletea yai la kuchemsha lenye ganda lake. Akamsihi, akalia. Gareth alikuwa akimpigapiga mkono tu, kama anayembembeleza. Kufika saa tisa midomo ilikuwa imepasuka na maneno hayatoki sawasawa. Alijaribu kusimama, miguu ikakataa.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Enid alikiruka kizingiti chake akaenda kugonga kwa Thelma.

"Gesi?" Thelma alifungua na rola za nywele kichwani.

"Si gesi. Nipe simu yako."

Alitaka Thelma atoke. Thelma hakutoka, alisimama na birika mkononi. Enid akapiga namba ya kwenye kadi, Sunita akapokea.

"Mama, tumemwona asubuhi hii hii. Kimebadilika nini?"

"Hakijabadilika kitu. Niliwadanganya." Uso ulimwaka moto mpaka masikioni. "Hakunywa ile chai. Nilivibadilisha vikombe. Ukutani ameandika, mimi nikakwangua. Alikuwa na maji ya mvua, hayo tu ndiyo anayokunywa, nami nikayamwaga msije mkayaona. Ni mgonjwa, na mimi nimemficha. Nimemficha mpaka anakufa."

Upande wa pili karatasi zilisikika zikipekuliwa haraka.

"Tunakuja na gari la wagonjwa sasa hivi. Na mama, usisafishe kitu."

Enid alirudisha simu bila kuinua macho. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ukuta wetu tofali moja tu, Enid," Thelma alisema. "Wiki tatu hizi namsikia. Niliogopa nikibisha hodi utanichukia."

"Ningekuchukia," alisema Enid.

Gari likafika, taa zinazunguka, na mtaa ukatoka vizingitini vile vile kama siku ya Ronnie. Desmond alichuchumaa ngazini mbele ya Gareth, safari hii kitambulisho kinaning'inia kifuani.

"Ndugu yangu, mbona asubuhi hukutuambia?"

Gareth alimtazama mama yake, kisha akamsogelea Desmond sikioni. Alijaribu kunong'ona, lakini sauti ilikuwa imekauka na kila mtu alimsikia.

"Mama haumwi sana. Anaamka alfajiri anakwangua kuta. Anaficha vitu. Anabadilisha vikombe vya watu. Anaona wageni, anasema ni watu wa gesi." Akameza mate asiyokuwa nayo. "Nilijua mmemfuata yeye. Nikasema nikitulia, hamtamchukua."

Enid akashika nguzo ya ngazi. Siku sita hana chakula, tangu asubuhi hana hata tone la maji, na bado alikuwa akimlinda yeye. Hakuwahi kuona aibu ya namna ile maishani mwake, na safari hii haikuwa aibu ya majirani.

Wakamlaza kwenye machela wakamtoa kwa mlango wa mbele, Enid kando yake kamshika mkono. Thelma alikuwa pale na rola zake, na nyuma yake mtaa mzima, hakuna aliyethubutu kuuliza. Gareth akainua kichwa, akawatazama wote.

"Ni gesi tu," aliwaambia.

"Si gesi," alisema Enid, kwa sauti ile ile aliyowaagia wageni asubuhi. "Ni mwanangu. Anaumwa."

Akapanda garini naye.