Amplifaya Nyepesi Haina Kitu Ndani

Kaka yangu ndiye kiongozi wa bendi yetu, na kwa kuwa alinitangulia kuzaliwa anadhani alinitangulia pia kusikia. Jumapili, mbele ya wenzangu wote, alitangaza kwamba gitaa langu halisikiki. Jumamosi tungepiga kwenye sherehe ya kumuaga meneja wa benki, na nisiposikika, sehemu zangu zote angepewa mpiga kinanda.

"Kinanda chake kina kitufe kimeandikwa 'gitaa'," akasema kaka.

Kitufe! Miaka kumi na tisa ya sugu vidoleni, halafu nishindwe na kitufe. Roho iliniuma, sitaficha.

Na kosa halikuwa langu. Gitaa langu hupita kwanza kwenye kabati la chuma lenye magurudumu, lililopangwa vyombo kama droo: cha juu kinanogesha sauti, cha kati kinaleta mwangwi, na chini kabisa kuna amplifaya, ndiyo inayoipa sauti nguvu ya kusukuma spika. Hiyo ya chini ndiyo iliyokuwa inakata roho. Ilibaki kukoroma tu.

Jumatano nikaenda kwa fundi wa redio kutafuta nyingine, na mke wangu akanifuata. Yeye ni muuguzi. Alikuja kuulinda mgongo wangu, ambao aliukanda mwezi mzima mara ya mwisho nilipobeba kabati lile.

Fundi akatoa amplifaya kwa mkono mmoja, kama mtu anayepitisha sahani mezani. Akaichomeka, nikapiga. Vioo vya dirisha vikatetemeka, mke wangu akaziba masikio.

"Hiyo hapo," akasema. "Lipa, twende."

Nikaizima, nikainyanyua. Ilikuwa nyepesi mno. Nikairudisha mezani.

"Haina kitu ndani."

"Si umeisikia?"

"Nimeisikia, lakini nimeibeba pia. Debe tupu haliachi kuvuma."

"Basi si ndicho unachotafuta, livume?"

Kuna mambo ambayo mtu asiyepiga gitaa hawezi kuelezwa akaelewa. Kila mpiga gitaa ninayemheshimu hupima amplifaya kwa mikono kabla ya masikio, maana sauti nene hutoka kwenye chuma kingi. Nilimweleza hivyo, taratibu. Akamtazama fundi ili amsaidie, lakini fundi alikuwa anakuna kidevu.

"Bosi anajua vitu," fundi akasema. "Ngoja nikutolee ile ya wakubwa."

Akaichukua ile nyepesi, akaingia nayo chumba cha nyuma, akafunga mlango. Tukasikia bisibisi, kisha nyundo, kisha fundi akijitukania vyombo vyake. Alipotoka alikuwa amepinda, amekumbatia amplifaya kwa mikono miwili, jasho linamtiririka.

"Mbona ina mkwaruzo pale pale?" mke wangu akauliza.

"Kiwanda kimoja, mama."

Jibu hilo lilinitosha. Nikainyanyua, mgongo ukalia, moyo ukacheka. Nikapiga. Jamani, sauti ilikuwa na nyama! Mke wangu alisema ni ile ile. Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa, naye akasema kwamba methali hiyo nimeipeleka kwa asiyehusika.

Jumamosi mchana tulikuta ukumbi uko ghorofa ya pili, na mlango wa lifti umebandikwa karatasi ya kuomba radhi. Kaka akashika kabati kwa juu, mimi kwa chini. Tulipofika kwenye ngazi ya kumi na moja, kitu kikahama ndani: kong! Kabati likaniegemea, na mgongo wangu ukaaga kabla ya meneja. Nikabaki nimeinama, sipandi wala sishuki.

"Imevunjika," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia. Zilibaki dakika ishirini. Nyuma yetu alisimama mpiga kinanda, kinanda kwapani, mpole kuliko siku zote, akiuliza kama kuna chochote anachoweza kusaidia.

Wakalifikisha kabati juu bila mimi, nami nikapandishwa na mke wangu, aliyekuwa amenifuata tena. Mke wangu akaifungua amplifaya kwa bisibisi ya kaka, akaingiza mkono, akatoa tofali. Tofali zima la kuchoma, limevishwa kipande cha blanketi na kukazwa kwa waya ambao sasa ulikuwa umelegea.

Nikampigia fundi, nikamfokea mpaka koo likakauka. Akaningoja nimalize.

"Bosi, nyepesi hamnunui," akasema. "Nilikaa nazo miaka miwili zinakula vumbi. Tangu nianze kutia tofali, hajarudi hata mpiga gitaa mmoja kulalamika."

Mke wangu hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu. Aliliweka tofali kwenye mlango wa ukumbi lizuie usijifunge, akaifunga amplifaya, akanikaza mgongo kwa mtandio wake, akanikalisha jukwaani kwenye kiti.

Wimbo wa kwanza tu, gitaa likajaa ukumbi mzima. Meneja akaacha kula. Kaka akaniinamia sikioni.

"Leo tumekusikia, mdogo wangu. Nafasi ni yako."

Mpiga kinanda akaondoa kidole kwenye kile kitufe.

Hapo nilipaswa kufurahi. Lakini nilivyosikiliza vizuri, sauti za chini zilipwaya. Ile nyama haikuwepo. Nilijua ni ujinga, na najua hata sasa, ila masikio hayana aibu. Nikamwita mke wangu kwa ishara.

"Niletee lile tofali."

"Hapana."

"Mke wangu, nakuomba."

Alinitazama kwa muda mrefu, mpaka mpiga ngoma akalazimika kuujaza. Kisha akaenda mlangoni, akaliokota, mlango ukajibamiza nyuma yake, akapita nalo katikati ya wageni waliovaa suti na kulitua kwa hasira juu ya amplifaya.

"Haya. Piga."

Nikapiga. Akabaki amesimama pale pale, mikono kiunoni, kichwa amekielekeza kwenye spika. Nikaona midomo inamcheza, nikajua natukanwa.

"Mungu anisamehe," akasema. "Nimeisikia."