Fundi Asiyelalamikiwa

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mteja aliyewahi kurudi dukani kwangu kulalamika. Hata mmoja. Nilikuwa nikilisema hili kwa yeyote aliyekaa karibu, na asiyekaa nilimwita. Mteja akiingia namsimamisha katikati ya chumba, naivuta futi kutoka shingoni na kumwamuru, "Simama wima! Kaza tumbo! Acha kuhema kama mbuzi!" Napima, nakata, nashona. Akija kujaribu mbele ya kioo namkumbusha tena tumbo, naye anatabasamu kwa midomo iliyofungwa na kusema, "Imenikaa, fundi." Kisha anaondoka mbio. Mimi nilidhani ni furaha.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo fundi tuliyemwita Viraka, kwa sababu hajawahi kukata kitambaa kipya. Kazi yake ni kufumua na kuunga nguo za watu. Nilimdharau, sina haja ya kuficha. Kilichonishangaza ni foleni yake. "Watu siku hizi wananenepa ovyo," nilikuwa nikisema, na narudi kwenye cherehani yangu.

Basi mtoto wa kaka yangu, niliyemlea tangu hajaota meno, akaitwa na kituo cha televisheni kujaribiwa. Ijumaa saa moja jioni angesoma taarifa ya habari, moja kwa moja, robo saa nzima. Akifanya vizuri wanamwajiri. Akiharibu, wenzake ishirini wanasubiri mlangoni. Nikamwambia asihangaike na maduka, shangazi yake yupo. Nikamshonea suti ya kijani iliyokolea, koti la vifungo vitatu. Jumatatu akaja kulijaribu.

"Nzuri sana, shangazi," akasema kwa sauti ndogo. Nikaona machozi yanamlengalenga, nami nikaguswa.

Jumatano mkanda wa cherehani yangu ukakatika. Kiburi hakizungushi gurudumu, kwa hiyo nikavuka barabara kumwomba Viraka mkanda wa akiba. Juu ya meza yake lilikuwa koti la kijani, limeanza kufumuliwa ubavuni.

Mishono yangu naijua kama ninavyoijua sauti yangu. Nikainua macho. Kwenye kamba ilining'inia suruali ya mwalimu mkuu, gauni la muuza dawa, sare za manesi wawili. Nikazihesabu zote: nguo kumi na moja, tisa zimetoka mkononi mwangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kwenye nguo nilizoshona mwenyewe.

"Fundi," akasema Viraka, amerudi nyuma mpaka ukutani, "mimi sina ubaya na wewe. Kusema kweli, wewe ndiye unayenilisha."

"Nguo zangu zina nini?"

"Utanipiga."

"Nitakupiga usiposema."

"Mshono wako ni safi kuliko wangu. Ila unawapima watu wamebana pumzi. Nguo inamkaa mtu akiwa amesimama kama mlingoti. Akiketi, akila, akicheka, inamkaba. Huyu mtoto akifunga vifungo, sentensi haifiki mwisho. Ijumaa atakwama mbele ya watu wote."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonichoma. "Unajua wanavyokuita? Mama Kaza Tumbo. Sasa nani athubutu?"

Nikalinyakua koti nikatoka, mkanda nikausahau. Nikafunga duka saa tisa mchana nikafoka peke yangu: Viraka mwizi wa wateja, wateja wanafiki, mtoto hana shukrani. Maneno yalipoisha nikachukua futi nikajipima kiuno, nimekaza tumbo kama ninavyowaamuru wengine. Halafu nikaketi, nikajiachia, nikapima tena. Inchi tatu na nusu zaidi. Nikarudia, nikiomba futi iwe imekosea. Nyani haoni kundule, nami la kwangu nililikalia miaka ishirini na miwili. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Alhamisi asubuhi nikamwita mtoto. Alipoliona koti mikononi mwangu akanywea.

"Shangazi, nilitaka tu arekebishe kidogo, sikuwa na..."

"Vaa," nikasema. "Kaa hapo, usome gazeti hili kama utakavyosoma kesho. Panapobana, sema. Mimi sitajibu."

Lakini najijua, ulimi wangu hauna breki. Nikajaza pini nane mdomoni, nikazibana kwa midomo.

Alisoma mstari mmoja akaishiwa pumzi. "Hapa ubavuni," akasema kwa woga. Nikafumua, nikachomeka pini. "Na kwapani." Nikachomeka. Kila nilipotumia pini nilichukua nyingine mezani, maana mdomo mtupu nisingeuamini. Mtoto akapata moyo. "Na lile gauni la mahafali, shangazi, picha zote nilipiga nimesimama kwa sababu sikuweza kukaa." Gauni la mahafali lilihusikaje? Nikauma pini. "Na sare ya darasa la nne. Nilikuwa nafungua kifungo cha sketi nikifika darasani, nakifunga tena nikiona unakuja kunichukua."

Hapo machozi yakanitoka, na sitasingizia pini. Nilimwona yule mtoto mdogo niliyekuwa nikimfokea asimame wima, naye akisimama.

Ubavuni kitambaa hakikutosha. Nikavuka barabara tena, safari hii polepole, nikamwuliza Viraka anaungaje pasionekane. Akanionyesha mara tatu, na mara ya tatu nikaweza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kwa kuunga, mkono wake ni mwepesi kuliko wangu.

Ijumaa majirani walijaa dukani kwangu mbele ya televisheni, Viraka naye kando ya mlango, tayari kukimbia. Habari zenyewe sikusikia hata moja. Mimi nilitazama kifungo cha kati. Mtoto alivuta pumzi, kifungo kikatulia. Akasoma, kila sentensi ikafika mwisho wake, hadi akatuaga.

Saa mbili simu ikalia. "Shangazi, wamenichukua!"

Nikapiga vigelegele, nikamkumbatia aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu ni Viraka. Nikarudisha simu sikioni.

"Shangazi," akasema, "kola inanikwaruza shingoni. Umekasirika?"

"Sana," nikamjibu, nikitafuta kalamu. "Upande gani?"