Aliyeitika Nyuma ya Mawe

Kwaya yetu ya Kagerankanda, kijiji cha Kasulu, ilikwenda Kigoma mjini kutalii na kuogelea, na mimi nilikwenda na pombe. Msinihukumu haraka. Pombe ilikuwa ya mama.

Mama yangu, Niyubahwe, alivuka ziwa kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa na kaka yangu Nkunzimana, mtoto wa miaka minne. Watu walisukumana kushuka mtumbwini, na mama akakanyaga nchi kavu ameshika shati tupu la mtoto. Mwili haukuonekana. Mimi nilizaliwa baadaye, huku, nikakua nikimwona kila mlo akitenga bakuli moja ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Niliwahi kuligusa nikiwa mdogo. Kile kibao nakikumbuka mpaka leo.

Kwetu msiba una mwisho wake, kuganduka. Watu wanakunywa pombe, wananyoa nywele, marehemu anaachwa aende zake. Mama hakuganduka kwa sababu hakuwa na kaburi. Sasa anaumwa, na anaogopa kufa akiwa bado matangani.

“Mwananje, ziwa ndilo kaburi lake,” aliniambia. “Ummwagie pombe, umwite mara tatu, umwambie tumemwachia. Halafu uondoke. Ntuhindukire.”

Yaani nisigeuke nyuma. Ukigeuka, marehemu anakufuata nyumbani.

Kigoma ya siku hizi si ile niliyoizoea. Lami kila upande, hoteli za ghorofa mpaka ukingoni mwa ziwa. Tulianzia Ujiji, mwongozaji akatuonyesha njia waliyopitishwa watumwa, nasi tukapiga picha huku tunacheka, Mungu atusamehe. Venanti, kiongozi wa kwaya, aliitolea macho chupa yangu safari nzima.

“Dada Kezia, juisi gani hiyo isiyogawiwa?”

“Dawa ya mama,” nikamjibu. Mkono mtupu haulambwi, lakini wangu siku hiyo ulikuwa umejaa na bado haulambwi.

Saa saba mchana tulikuwa ufukweni. Wenzangu wakaingia majini wakirushiana maji, mimi nikazunguka nyuma ya mawe makubwa. Pale kelele zao zilikatika ghafla, kama mtu amefunga mlango. Ziwa lilikuwa limetulia hata halilambi mchanga. Nikamimina pombe. Povu lake likabaki palepale, halisambai.

“Nkunzimana!”

Nikasubiri.

“Nkunzimana!” Nilijiona mjinga kweli.

“Nkunzimana!”

“Karame!”

Ndivyo kwetu mtoto aliyefunzwa adabu anavyoitika. Ila ilikuwa sauti ya mwanaume mzima, nzito, na haikutoka ziwani. Ilitoka nyuma yangu, upande wa nchi kavu.

Nikasema upesi niliyotumwa: tumekuachia, nenda kwa amani. Nikasikia mtu akivuta pumzi. Changarawe zikalia, hatua mbili, zikasimama. Niliogopa, wala sioni haya kusema. Nikaondoka kwa kufuata ukingo wa maji, shingo imekakamaa, na sikugeuka.

Tukirudi, tulipokaribia Kasulu, Venanti aliniinamia kutoka kiti cha nyuma.

“Yule mzee alikuwa nani?”

“Mzee yupi?”

“Aliyesimama nyuma yako kule kwenye mawe, nilipokuja kukuchungulia. Mvi kichwa kizima, nguo zimelowa chapachapa, amevua kofia. Paji la uso lako kabisa, dada.”

Mtoto aliyezama akiwa na miaka minne haoti mvi. Nililirudia hilo kichwani mpaka nyumbani.

Mama alikuwa mlangoni, ameshanyolewa. Kichwa chake kilionekana kidogo sana.

“Umemwita?”

“Nimemwita, mama.”

“Kuna aliyeitika?”

Nilikitazama kile kichwa kilichonyolewa.

“Hakuna, mama.”

“Imana ishimwe,” akasema, Mungu asifiwe, na machozi yakamtoka. “Miaka yote hii niliogopa kitu kimoja tu. Isije ikawa nilimwacha hai.”

Akaingia ndani, akaliosha lile bakuli mwenyewe, asikubali nimsaidie. Akapakua ugali na maharage, akaliweka mbele yangu.

“Kula, mwananje. Sasa ni lako.”

Nikala.