Mboji Iliyopozwa kwa Ajili ya Mgeni

Mkaguzi wa serikali alichomeka kipimajoto kwenye lundo letu la mboji, mshale ukapanda hadi thelathini na nane, ukatulia. Nilidhani chombo chake kibovu. Nikachomeka changu. Thelathini na nane.

Kanuni haina kona. Makombo ya chakula hayaingii shambani mpaka lundo likae nyuzi hamsini na tano au zaidi kwa siku kumi na tano mfululizo, kwa sababu joto hilo ndilo linaloua minyoo na vijidudu. Sisi tunachukua makombo ya jiko la shule, ndoo sita kwa siku. Daftari langu lilikuwa na siku kumi na nne, zote juu ya sitini. Hii ilikuwa ya mwisho. Mvua ilikuwa mlangoni, na shamba la chini limechoka. Bila mboji, mahindi pale hutoka kimo cha goti na kuishia hapo.

"Jana jioni lilikuwa sitini na mbili," nikamwambia.

"Naona umeandika. Leo limefanywa nini?"

Mama mkwe alikuwa amesimama kando, miguu imejaa matope.

"Nimeligeuza alfajiri," akasema, "nikalimwagia ndoo nane za maji. Lilikuwa linafuka moshi. Mgeni aje akute uchafu unachemka uani kwangu?"

Mkaguzi akainama kufuta kipimajoto chake, akakifuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama, huo moshi ndio nilioufuata."

"Basi umeshasikia kwamba ulikuwepo. Andika sitini, mwanangu. Mkamwana wangu hasemi uongo."

"Yeye hasemi. Na hiki chuma nacho hakisemi."

Mama mkwe akanigeukia. "Kamletee kiti. Mtu akikaa, moyo hulainika."

"Kiti sitaki, mama. Nikiandika sitini, halafu mtoto wa mtu akaugua kwa mboga za hapa, nitakaa sana, tena nyumbani, bila kazi."

Nilichukua daftari, nikaandika 38 kwa mkono wangu, nikatia sahihi. Mkaguzi akatia yake chini ya yangu. Hesabu ikikatika huanza upya na moja. Siku kumi na tano nyingine, na mvua isingetungoja hata kumi.

"Kanuni ni hiyo hata kwa mahindi, ambayo hupikwa?" nikauliza.

"Hata kwa mahindi, dada."

Alipoondoka, mama mkwe alinifuata hadi ghalani.

"Utanisema lini?"

"Sina nafasi ya kukusema. Kuna shamba la kupanda."

Mvua iliponyesha, shamba la chini tulilipanda kunde, ambazo huvumilia udongo maskini. Mahindi ya msimu ule tukayasamehe. Mama mkwe alishika mstari wake tangu mwanzo hadi mwisho bila kunielekeza namna ya kushika jembe, na hilo halikuwahi kutokea tangu niolewe.