Chupa Sita Zisizo na Lebo

Sikuona. Kwa miezi mitatu kaka yangu alikuwa akiupima uzito wa mafuta ya shokapu kwa mdomo wa juu badala ya vidole, na mimi, ninayelipwa kuwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu namna ya kutazama takwimu na kujiuliza kwa nini zimebadilika, nilidhani ni utani. Alikuwa akichovya kijiti ndani ya chupa, akakigusisha chini ya pua, kisha akanikonyeza. "Profesa," aliniambia siku moja, ingawa anajua fika kwamba sijafika huko, "haya yangefaa kukaangia mayai." Nilicheka, nikarudi kusahihisha mitihani.

Kaka ni fundi wa shokapu. Kwa miaka thelathini alizirekebisha za mabasi, malori na magari madogo katika karakana iliyo nyuma ya nyumba yake. Mapumziko yake yalikuwa kazi ileile kwa udogo: kigari cha rimoti cha kukimbizwa kwenye vumbi na matuta, chenye shokapu nne zisizozidi urefu wa kidole. Ndani ya kila shokapu mna pistoni yenye vitobo, na mafuta hupenya vitoboni humo kila gurudumu linapopanda au kushuka. Mafuta yakiwa mepesi kupita kiasi, kigari hudidimia na kugonga tumbo chini. Yakizidi uzito, hukakamaa na kurukaruka. Kazi yote ya kuchagua imo kati ya hayo mawili.

Mafuta yake aliyahifadhi katika chupa sita za kioo zinazofanana, kila moja na uzito wake, na hakuna hata moja yenye lebo. Lebo, alikuwa akisema, ni za wasioijua kazi. Yeye alisugua tone moja kati ya kidole gumba na cha shahada, akajua. Wifi yangu alipangusa rafu kila Ijumaa na kuzirudisha chupa vyovyote zilivyomjia mkononi; kaka akazipanga upya kwa kugusa, nyepesi kushoto, nzito kulia, bila kunung'unika. Ndoa yao ilisimama juu ya mambo mengi ya namna hiyo.

Jumamosi ile mashindano yalikuwa saa kumi alasiri, katika uwanja wa udongo nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa. Wiki nzima kaka alikuwa ameshindwa kuamua kati ya shokapu zake za zamani, nyembamba, na mpya zenye silinda pana, ambazo hubeba mafuta mengi na hazichoki upesi. Mwishowe alichagua mpya, akazijaza asubuhi hiyohiyo, tukaenda uwanjani kuzijaribu.

Kwenye tuta kubwa kigari kiliruka vizuri, kikatua, kikapinduka. Kaka alibadilisha springi. Kikapinduka. Akahamisha mahali pa kufungia shokapu, tundu moja ndani. Kikapinduka tena, na tena, na tena, magurudumu yakizunguka hewani.

Mfamasia, mpinzani wake wa miaka mingi, ambaye huvaa glovu anapojaza mafuta na huandika kila kitu kwenye daftari, alikuja akasimama kando yetu.

"Fundi, leo kigari chako kinatafuta mto wa kulalia."

"Kinakuonea huruma. Hakitaki kukuacha nyuma peke yako."

"Basi huruma imezidi. Mara ya ngapi hii?"

Kaka alikiinamia kigari. Alikuwa akijaribu kufungua skrubu ndogo, na bisibisi ikamponyoka mara mbili.

Ilikuwa mara ya tano. Nilikuwa nimehesabu bila kukusudia, kwa mazoea ya kazi yangu, na mara zote tano kigari kiliangukia kushoto.

Tulirudi nyumbani adhuhuri. Kaka aliingia karakanani na kufunga mlango. Wifi akanivuta jikoni.

"Wifi, kakako ana nini?"

"Amekasirika tu. Kigari kinamsumbua."

"Jana usiku aliniambia kikipinduka leo kwenye mashindano, Jumatatu anafunga karakana. Nikacheka. Kisha nikaona mwenzangu hacheki." Alikuwa ameshika kitambaa cha vyombo, akikikamua ingawa kilikuwa kikavu. "Afunge karakana akae wapi? Mtu huyu hajui kukaa. Nenda wewe, anakusikiliza."

Nilimkuta ameketi mbele ya rafu, shokapu mbili za mbele zikiwa mezani. Nikamwambia kigari huangukia upande mmoja, kwa hiyo huenda shokapu hizo hazifanani. Alizichukua, akafumba macho kama alivyozoea, akazibonyeza moja baada ya nyingine kwa kidole gumba.

"Ziko sawa," alisema.

Nilizibonyeza mimi, nisiyejua chochote. Ya kulia ilishuka polepole kama kijiko ndani ya asali. Ya kushoto ilizama mara moja, kana kwamba ndani mlikuwa na maji.

Nilizirudisha mezani. Hatukutazamana.

"Kaka."

"Nimesikia."

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi kianze. Kwanza ncha zilikufa ganzi, sasa mpaka hapa." Alionyesha kiungo cha pili. "Sukari. Daktari aliniambia mapema, nikamwona anapenda maneno. Nikishika chupa najua nimeshika kwa sababu naiona."

Nilielewa kilichotokea asubuhi. Alijaza shokapu moja, akairudisha chupa rafuni akingoja mapovu yapande, kama ilivyo desturi yake, kisha akachagua tena kwa ajili ya shokapu ya pili. Lakini rafu ilikuwa imepanguswa jana yake na chupa kuchanganyika, na vidole havikuweza kumwambia kwamba ameshika chupa nyingine. Mdomo nao ulikuwa umemdanganya.

"Wiki iliyopita nilifunga shokapu za basi la shule," alisema. "Nikalala macho. Asubuhi nikalifuata basi, nikazifungua zote, nikazirudia nikitazama kila kitu mara tatu. Zilikuwa nzima. Lakini sikuwa najua, unanielewa? Nilikuwa nabahatisha. Basi nikajiambia, kigari hakina mtu ndani. Nikikijaza kwa mikono hii kikakimbia, naendelea. Kikishindwa, naacha."

Nilichukua gololi moja ya beringi kutoka kwenye kopo na kumwomba sumaku. Tuliidondosha gololi katika kila chupa, nikipima kwa simu muda inaochukua kufika chini, kwa kuwa mafuta mazito huichelewesha, kisha tukiitoa kwa sumaku na kuifuta. Yeye alitazama kwa adabu, kama mgeni katika karakana yake. Tulipozipanga chupa, alichagua ya tatu kwa shokapu za mbele na ya pili kwa za nyuma. Kuchagua bado alijua. Nilizijaza shokapu mimi, yeye akinielekeza.

Alasiri kigari kiliruka tuta kubwa mizunguko kumi, na mara zote kumi kilitua kwa magurudumu yote. Tulishika nafasi ya nne. Mfamasia alimpa mkono kaka na hakutania. Nadhani aliona jinsi kaka alivyoutazama mkono wake ulipokuwa ukishikwa.

Njiani nilisema, "Hakikupinduka."

"Mikono ilikuwa yako, mdogo wangu."

"Na uamuzi ulikuwa wako."

"Basi la shule halifungwi kwa uamuzi." Alikiweka kigari vizuri mapajani. "Usinifanye nikubali kuendelea kwa sababu unanipenda. Nitakubali, halafu itakuwaje?"

Nilipunguza mwendo kwenye tuta la barabarani.

Jumatatu alikishusha kibao cha karakana, na tangu siku hiyo haipokei magari. Kila Alhamisi nampeleka kliniki. Chupa zote sita zina lebo sasa, kwa mwandiko wangu, na wifi huzirudisha kwa mpangilio.