Kipande Kimerudi

Asubuhi ile ya Juni, baridi ya Makambako ilikuwa imeingia hadi ndani ya mifupa. Wanaume walisimama mstari mbele ya mizani, vifua wazi, mashati wameyafunga viunoni. Walitoka Ukinga na Upangwa, wengine wametembea hadi nyayo zimepasuka, wakilitafuta lori la kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Aliyekubaliwa na mizani alipewa blanketi jekundu na kipande, kadi yenye namba ambayo tangu hapo ndiyo ingekuwa jina lake. Aliyekataliwa alivaa shati akasimama kando, hajui aelekee wapi.

Karibu na mizani, juu ya sanduku tupu la sabuni, Gideoni Mlowe alikuwa akipiga ligombo. Ubao wa ligombo lake ulikuwa umechimbwa katikati, nyuzi zimetandazwa juu, kibuyu kimefungwa chini ili kuikuza sauti. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Alivipulizia pumzi, akaimba:

*Mwanamume ana blanketi jekundu,*
*asiye nalo akachochee moto na wanawake.*

Vijana kwenye mstari walicheka. Mmoja aliyekuwa amesimama mbali, kama anayetaka kurudi kwao, alitazama chini, kisha akasogea akaingia kwenye mstari. Bwana Kornelio, karani wa kambi, alimwona akaitikia kwa kichwa.

Mwaka uliotangulia, Gideoni mwenyewe alikuwa amesimama kwenye mstari huo. Shamba lake nje kidogo ya Njombe lilikuwa limepigwa vigingi na kampuni, likapandwa miwati, miti ambayo magome yake huchunwa kwa ajili ya kulainishia ngozi. Aliambiwa ni amri. Mtwa, mtawala wa wenyeji aliyewekwa na serikali, alimpa yeye na mkewe Fidelia kibanda karibu na baraza, wakae kwa hisani yake. Mahindi yalikwisha. Akaja Makambako, na mizani ikamkataa.

"Huna uzito," Kornelio alimwambia siku hiyo, akilitazama ligombo mgongoni mwake. "Lakini una sauti?"

Basi akawa anaimba kwa unga na maharage. Kila Jumamosi Kornelio alimchukua kwa lori hadi sokoni Njombe akaimbe huko pia, maana huko ndiko walikokuwa wanaume wengi. Watu wa Njombe walimpenda Gideoni tangu zamani. Hakuna aliyeoa pande zile bila ligombo lake kulia uani baada ya kutoka kanisani. Walipousikia wimbo wa blanketi waliupokea kama walivyozipokea nyimbo zake zote, kwa makofi, bila kuuliza aliyempikia chakula ni nani.

Hadi Jumamosi moja Yudita aliposimama.

Alikuwa ameketi nyuma ya mafungu yake ya viazi. Gideoni alipomaliza ubeti wa kwanza, Yudita alijifuta udongo mikononi akaja mbele, taratibu, kama mtu anayekwenda kupokea ushirika.

"Kamwene, shemeji," alisema.

"Kamwene." Yudita alimwita shemeji kwa sababu mumewe, Danieli, alikuwa rafiki wa Gideoni tangu wakichunga mbuzi.

"Danieli alisikia wimbo huu hapahapa. Ulimwangalia ukiimba. Alirudi nyumbani akaniambia, Gideoni ameniita mwanamke mbele za watu. Kesho yake akapanda lori." Sauti yake haikupanda. "Amekufa huko. Wamenirudishia kipande chake. Mimi nilikuwa nazipenda nyimbo zako, shemeji. Huu uache."

Kornelio alikuwa ameegemea mlango wa lori, sigara mdomoni. Gideoni aliona macho ya Kornelio, akaona macho ya watu, na katikati yake hakuona mahali pa kusimama.

"Wimbo si kamba, mama," alisema. "Sikumfunga mtu nikampandisha."

Mwanamume mmoja akacheka. Kicheko kile kikawa kama mlango uliofunguka, naye Gideoni akaingia. Akagusa nyuzi, na ubeti ukaja wenyewe, mwepesi, kama zinavyokuja beti mbaya:

*Kila mwenye baridi ana dawa yake;*
*baridi ya mjane, nani ataifunika?*

Soko likalipuka. Watu walijipiga mapaja. Hata wanawake wengine walificha nyuso wakatikisika mabega. Yudita alibaki amesimama kidogo, kisha akarudi kwenye viazi vyake, akavikusanya, akaondoka kabla hajauza.

Ubeti ule ulitembea kuliko wimbo wenyewe. Uliimbwa kwenye vilabu vya pombe, uliimbwa na wachunaji wa miwati wakirudi jioni. Gideoni aliusikia Makambako kwa watu asiowajua, na mwanzoni, hakuna haja ya kuficha, alifurahi.

Fidelia ndiye aliyemwambia, siku moja Gideoni alipokuwa nyumbani. Alikuwa anapepeta maharage mlangoni, anakohoa, anapepeta tena.

"Wanaume wanabisha mlango wa Yudita," alisema. "Giza likiingia. Wanasema, fungua, tumeleta blanketi."

"Wanaume gani?"

"Wako wa klabuni, wako na wa kanisani. Juzi mmoja alivunja komeo. Yudita alipiga kelele hadi majirani wakatoka. Walipomuuliza yule mtu, alisema alikuwa anaimba tu."

Gideoni aliingia ndani akalitazama ligombo lililotundikwa ukutani, akatoka tena.

"Mimi sikumtuma mtu," alisema.

"Hukumtuma." Fidelia aliyamimina maharage chunguni. "Ile siku ya harusi yetu ulipiga hadi kidole kikatoka damu. Nilijisifu nimeolewa na mikono ile. Sasa nikipita kisimani wanawake wananyamaza."

Asubuhi Gideoni alikwenda kwa Yudita. Mlango ulikuwa umeshikiliwa na gogo kwa ndani, alisikia likivutwa. Yudita hakumkaribisha, wala hakumfukuza. Gideoni alipiga magoti uani, kofia mkononi.

"Nimekuja kuomba radhi, shemeji."

"Nani anakusikia?"

"Wewe."

"Mimi tu." Alitikisa kichwa. "Ulinivua nguo sokoni, unakuja kunifunika uani, palipo na kuku?"

"Niambie nifanye nini."

"Nilikwenda barazani. Nilisema, wimbo huu unaniletea watu mlangoni. Karani wa baraza alicheka. Aliniambia wimbo haumpigi mtu, kwa hiyo hakuna shauri. Nikaona sawa, labda ni kweli, labda ni mimi." Akatazama barabara. "Pale walipocheka, waambie Danieli amekufa. Uwaambie kwa mdomo uleule. Halafu mimi na wewe tutaona."

"Jumamosi nitawaambia."

Alirudi kambini ametunga wimbo mpya njiani. Mtu mmoja aliyerudi kutoka Tanga hana nguvu ya mguu, Methusela, alikuwa amemsimulia alivyokufa Danieli: kuharisha, nje ya banda, usiku wa mvua, wakamzika pembeni mwa mistari ya mkonge, na msimamizi akamfuta namba. Gideoni alikusudia kuuweka wimbo hadi Jumamosi, uanzie sokoni kama alivyoahidi. Lakini Alhamisi lori lilijaa mbele yake, vijana wamejifunika mablanketi mapya, na Kornelio akamwambia, "Haya, waage." Alipofungua mdomo wimbo wa zamani haukutoka.

*Kipande kimerudi, Danieli hajarudi.*
*Mlioko juu ya lori, niulizieni:*
*wamemlaza wapi? Nani alimfunika?*

Aliimba bila kumtazama mtu. Alirudia mara ya pili, na mara ya tatu baadhi ya Wakinga walikuwa wameanza kuitikia. Kijana mmoja alishuka akaliweka blanketi lake chini, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani. Wakashuka wengine. Dereva alizima injini.

Kornelio alimwendea. Hakukasirika, uso wake ulikuwa umechoka.

"Nani amekupa wimbo huo?"

"Nimetunga mwenyewe."

"Nilikulisha, Gideoni. Mimi pia kuna wanaonilisha." Akageuka kumwita tarishi.

Shauri lilisikilizwa barazani Njombe. Mtwa alikaa kwenye kiti cha mikono, na kando yake Bwana Shauri, afisa wa wilaya, Mwingereza kijana mwenye mafua, aliyekuwa akijifuta pua na kusikiliza kwa mkalimani. Ilisemwa kwamba Gideoni ameitukana kambi kwa wimbo na kuwazuia watu kwenda kazini. Kornelio alitoa ushahidi kwa maneno machache.

"Unakubali umetukana?" Mtwa aliuliza.

"Nakubali, mtukufu. Nimemtukana Yudita, mke wa marehemu Danieli. Watu wanamvunjia mlango kwa sababu yangu. Huyo ndiye ninayetaka kumwomba radhi."

Mtwa alimtazama karani wa baraza. "Yudita amefungua shauri?"

"Hapana, mtukufu. Halimo."

"Basi hayumo mbele yetu. Jibu ulichoulizwa."

"Ule wa blanketi ulisemekana haumpigi mtu," Gideoni alisema. "Huu umempiga nani?"

Mkalimani alisita, kisha akatafsiri kitu kifupi. Bwana Shauri alitabasamu kwa upole, akasema maneno, na mkalimani akayaleta: "Bwana anasema hapendi kumfunga mwanamuziki. Anasema kosa lililofanywa hadharani lirekebishwe hadharani. Utasimama sokoni, useme wimbo ulikuwa uongo, uwaombe radhi wenye kambi. Ukikataa ni gerezani, miezi sita."

"Na kibanda," Mtwa akaongeza kwa Kibena, bila kumtazama, "ninaye mtu mwingine wa kumpa."

Walimweka mahabusu afikiri. Fidelia alikuja na uji kwenye kopo. Aliukalia udongo upande wa pili wa mlango, akakohoa hadi akashika ukuta.

"Yudita anajua?" Gideoni aliuliza.

"Anajua uliimba Makambako. Wakinga walioshuka walipita Njombe wakielekea kwao. Aliwasikia wakiuimba." Akafuta mdomo. "Jana alinisalimia kisimani."

Gideoni aliinamisha kichwa juu ya kopo.

"Nikikataa?"

"Ukikataa nitakusifu," mkewe alisema. "Lakini nitakusifu nikiwa wapi, baba? Chini ya mwati gani?" Aliegemeza paji la uso mlangoni. "Mimi sikuambii useme. Sikuambii unyamaze. Uji unapoa."

Jumamosi soko lilijaa kuliko kawaida, kwa maana tarishi alikuwa amepita vijijini akiwaita watu. Ukungu haujainuka vizuri. Walimsimamisha Gideoni palepale alipozoea kuimbia, wakampa ligombo lake alishike, ingawa hawakutaka apige. Kornelio alikuwepo. Bwana Shauri hakuja. Mafua yalikuwa yamezidi.

Gideoni aliwatazama watu. Walikuwa walewale wa harusi zake, walewale waliocheka. Baadhi yao walikuwa wameuleta wimbo mpya mdomoni, unaonekana kwenye nyuso. Walimtazama kama watu wanaongoja aanze ili waitikie. Na nyuma ya mafungu ya viazi alimwona Yudita. Hakuwa amekuja sokoni tangu siku ile. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani, na kapu la viazi alikuwa bado amelikumbatia, kama aliyefika sasa hivi akaogopa kupitwa na neno.

Hakuna aliyekuwa amemwambia hukumu ilivyokuwa. Gideoni aliliona hilo usoni mwake.

"Sema," tarishi alimhimiza.

"Mimi Gideoni Mlowe." Alilihamishia ligombo mkono wa pili. Akaanza upya. "Mimi Gideoni Mlowe niliimba kambini Makambako kwamba mtu amekufa kwenye mkonge. Wimbo ule ulikuwa uongo. Niliutunga kwa chuki. Nawaomba radhi wenye kambi, ambao wamenilisha. Vijana waendelee kwenda, huko ni kuzuri."

Mtoto alilia mahali fulani, akanyamazishwa. Watu walitazama chini, mikono kwenye mablanketi yao na mifuko yao.

"Pigeni makofi," tarishi alisema. "Mtwa amesema mpokee radhi."

Makofi machache yalianza mbele, makavu. Tarishi akaanza kupita katikati ya watu, fimbo kwapani, akimtazama mmoja mmoja hadi aliyetazamwa apige. Alipita kwa wauza mahindi, alipita kwa wauza vyungu. Akafika kwenye viazi akasimama.

Yudita alimtazama tarishi. Kisha akainama, akaliweka kapu chini, ili apate mikono yote miwili.