Mesaji Iliyoanguka Siku ya Tonton

Kwetu Wagenia, wavuvi wa maporomoko ya mto, mtego ni wa familia nzima, lakini siku ni ya mutu. Jumanne anavuta tonton Rolly, mdogo wa papa, Jumatano tunavuta sisi wa marehemu Augustin, papa yangu, na samaki aliyeanguka siku yako ni wako. Papa alipofungua adresi ya imeli, kwa ajili ya wageni wanaokuja kupiga picha za mitego, aliigawanya vilevile: neno la siri moja, wakubwa wote wanalijua, na kila mmoja na siku yake ya kufungua. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mesaji nayo ni samaki. Hakuna aliyewahi kusema kwamba si samaki.

Mama yangu, Hélène, wingu jeupe limefunika macho yake. Akitaka kikombe anapapasa meza. Madaktari walikuwa wanakuja kupasua watu macho bure, nafasi chache, na tulimwandikisha kwa ile adresi. Jumatano asubuhi nikafungua. Hakuna kitu. Na kazi yao ilikuwa inaanza kesho yake, Alhamisi.

Ningeweza kulia. Lakini jana yake nilikuwa nimemuuliza tonton Rolly, naye akajibu "Hakuna" kabla sijamaliza swali. Na asubuhi ile tante Fanny, mke wake, alikuwa amevaa pagne, kitenge chake cha kanisani, katikati ya wiki. Tante Fanny naye haoni vizuri.

Juu kabisa kwenye imeli kuna pale pa kutafuta. Nyumbani hawapagusi, wanaangalia tu kilicho mbele yao. Nikaandika: Hélène. Rezo ya simu ilikuwa mbaya, mduara ukazunguka, ukazunguka. Kisha ikatoka mesaji iliyokuwa imewekwa kando: Mama Hélène amepata nafasi, aje Alhamisi asubuhi. Chini yake, jibu kutoka adresi yetu sisi wenyewe: Hélène amesafiri Bengamisa, nafasi mupatie Fanny, wa familia moja. Chini tena: Sawa, thibitisheni kabla ya Jumatano saa sita mchana.

Mama alikuwa nyuma yangu, anachambua pondu ya muhogo kwa vidole, jani kwa jani. Bengamisa hajakanyaga tangu mimi mutoto.

Nilimkuta tonton karibu na maji, anafunga mtego kwa kamba za pori. Pale maji yanapiga kelele, mutu anasema kwa nguvu.

"Tonton, mesaji ya mama iko wapi?"

"Mesaji gani?"

"Ya ba docteur. Yenye uliweka kando."

Akacheka, meno tu. "Eh, Gracia! Masomo yako ile ya primaire ilikufundisha kuchungulia mutego ya wengine? Ilianguka mardi. Mardi iko ya nani?"

"Jumanne iko yako."

"Bon. Umejijibu."

"Samaki haina jina, tonton. Ile ilikuwa na jina ya mama."

Hakucheka tena. "Fanny anatia chumvi ndani ya chai. Juzi amekanyaga moto, Gracia. Moto! Nimuangalie tu?"

Ilikuwa kweli. Ule mguu niliufunga mimi.

"Nitaandikia ba docteur," nikasema.

"Andika. Na mimi nitaandika." Akatoa simu yake. "Neno ya siri iko ya familia. Tuone nani atachoka."

Hapo nikaona mwisho wake: madaktari wataona watu wanagombana ndani ya adresi moja, watatukata wote. Saa sita ilikuwa karibu. Niliingia pale pa kubadilisha neno la siri. Ikaniuliza la zamani, nikaandika. Ikaniuliza jipya. Vidole vilikuwa na jasho, simu ikakataa. Nikavipangusa kwenye pagne, nikaandika tena. Ikauliza kama itoe simu zingine zote. Nikakubali.

Tonton alikuwa anaandika, ulimi nje. Akasimama.

"Inaniuliza mimi nani."

"Ndiyo, tonton."

"Umefunga adresi ya kaka yangu?"

Wanaume waliokuwa kwenye miti ya mitego wakageuka. Kwetu watu wanapigana, wanatukanana, lakini kumfungia ndugu mtego, hapana. Nilijua. Kidole kikaendelea: Hélène hakusafiri. Yuko hapa, kesho atakuja. Ni mimi binti yake.

Kivuli chake kikafunika simu. "Lete."

"Ngoja."

"Lete, nimesema!"

Jibu likaingia: Sawa, mama Hélène, kesho asubuhi. Nafasi nyingine hakuna.

Tante Fanny alikuwa anakuja kwa kufuata sauti zetu, mkono mbele. "Rolly, wamejibu? Iko kesho?"

Akauliza tena.

"Iko kesho, tante," nikasema. "Lakini iko ya mama."

"Ya Hélène? Rolly, si ulisema Hélène amekataa?"

Tonton alitazama maji. "Fungua adresi, Gracia," akasema, pole pole sasa.

"Nitafungua, tonton. Mama aone kwanza."

Nilingoja anipige. Akaweka simu mfukoni, akashika mkono wa mke wake, akamgeuza upande wa nyumbani.

"Jiwe iko mbele," akamwambia. "Inua muguu."